Kuatamia: kazi ya siku nyingi ambayo jiwe moja la manati huivunja

Abdullah bin Mas'ud (r.a.) amesimulia kwamba walikuwa pamoja na Mtume (s.a.w.), wakatua mahali, na mtu mmoja akachukua mayai ya ndege mdogo aitwaye humara. Ndege yule akaja akawa anapigapiga mbawa juu ya kichwa cha Mtume (s.a.w.). Mtume akauliza ni nani aliyemtaabisha ndege huyo kwa ajili ya mayai yake. Mtu yule akakiri kuwa ni yeye, naye akaamrishwa ayarudishe kwa kumhurumia ndege. Kisa hiki kimo katika Al-Adab Al-Mufrad, kitabu cha Imam Bukhari. Katika Sunan ya Abu Dawud kimo kisa kinachokaribiana nacho, ila humo waliochukuliwa ni makinda.

Wazazi na walimu wa madrasa wamekuwa wakiwasimulia watoto kisa hiki kwa vizazi vingi, na mazingatio yake yako wazi. Lakini kuna jambo ambalo hatujiulizi sana. Kinda lililochukuliwa hulia, na kila mwenye moyo humwelewa mama yake. Yai halilii, halili wala halinywi. Kwa nini basi ndege yule alihangaika kiasi kile kwa ajili ya vitu ambavyo machoni petu ni kama kokoto? Jibu lake limo katika joto. Mwenye kulifahamu jibu hilo hulitazama kwa jicho jingine kila tundu lililoning'inia katika minazi ya Pangani, Muheza, Mkinga na Tanga mjini.

Yai lingojalo joto

Kila nyumba inayofuga kuku inajua kwamba yai halitotoi kwa kuwekwa tu. Kuku huatamia siku 21, na wale wanaotumia mashine za kutotolesha vifaranga wanajua kwamba mashine hutegwa katika nyuzi 37 na nusu hivi za Selsiasi, na kwamba umeme ukikatika kwa muda mrefu hasara huwa kubwa. Ndege waimbao wanaotuzunguka wako chini ya kanuni hiyo hiyo, isipokuwa wao hawana mashine. Mashine ni mwili wa mama.

Kiinitete kilichomo ndani ya yai hukua vyema joto likiwa baina ya nyuzi 36 na 38 hivi. Likishuka chini ya nyuzi 25 au 26, ukuaji husimama. Likipanda kupita nyuzi 40 na kubaki huko, kiinitete hufa, na hufa upesi zaidi kuliko kinavyokufa kwa baridi. Njia ya salama, kwa hiyo, ni nyembamba mno: nyuzi chache tu baina ya kukua, kusimama na kufa. Ndege asiyefikia hata uzito wa vijiko vichache vya sukari huitembea njia hiyo usiku na mchana kwa muda wa wiki mbili hivi.

Udogo wa yai lenyewe huifanya kazi iwe ngumu zaidi. Wanywaji wa kahawa katika baraza za Ngamiani wanajua kwamba kahawa iliyomo kikombeni hupoa upesi, na ile iliyobaki ndani ya dele hukaa na moto wake. Yai la ndege mdogo ni kama kikombe hicho. Mama akiondoka kwa dakika chache tu, huanza kupoa, na akirejea hana budi kuanza kulipasha tena kwa nguvu za mwili wake.

Ngozi tupu ya tumboni

Manyoya ya ndege yameumbwa kuzuia joto lisitoke mwilini. Hapo pana kikwazo, kwani manyoya yale yale yanayomhifadhi mama yangezuia pia joto lake lisiyafikie mayai. Allah (s.w.t.) amemjaalia njia ya kulitatua hilo. Siku chache kabla ya kutaga au wakati wa kutaga, homoni hubadilika mwilini mwa jike, na manyoya ya sehemu ya tumbo hupukutika, ikabaki ngozi tupu. Ngozi hiyo huvimba kidogo na kuwa laini, na mishipa ya damu huongezeka na kutanuka chini yake. Anapotua juu ya mayai, ndege hutikisa mwili, akatenga manyoya ya pembeni kama mtu afunguaye pazia, kisha akaibandika ngozi ile juu ya maganda. Damu yenye joto la nyuzi 40 au zaidi hupita karibu kabisa na yai.

Ngozi hiyo haitoi joto tu, bali pia hulipima. Yai likiwa baridi, ndege huhisi, na mwili wake huongeza uzalishaji wa joto, sawa na mtu aongezaye kuni mekoni. Yai likiwa na joto la kutosha, hulegeza mkao, au huinuka na kutoka kutafuta chakula. Makinda yakisha kuanguliwa na kukua, manyoya huota tena mahali pake.

Mara kwa mara mama huinamisha kichwa na kuyageuza mayai kwa mdomo wake. Mtazamaji wa mbali aweza kudhani anacheza. Ukweli ni kwamba yai lisipogeuzwa, utando wa kiinitete waweza kugandana na gamba, na mishipa ya damu isitandae ipasavyo. Aidha, yai lililo pembeni hupata joto dogo kuliko lililo katikati, basi kuyahamisha ni kuyagawia kwa uadilifu.

Gamba nalo si ukuta uliozibwa. Lina vijitundu vidogo visivyohesabika kwa macho, ambavyo hupitisha hewa ndani na kutoa mvuke nje. Mpaka siku ya kuanguliwa, yai la ndege hupoteza kwa kawaida karibu asilimia 15 ya uzito wake kwa maji yanayotoka hivyo. Nafasi inayoachwa hujaa hewa katika ncha iliyo butu, na hewa hiyo ndiyo ambayo kinda huvuta pumzi zake za mwanzo kabla ya kulivunja gamba.

Pwani, jua nalo ni hatari

Msomaji wa Tanga aweza kuuliza: katika mji wenye joto kama huu, mayai yana haja gani ya kupashwa? Swali ni la haki. Mchana wa Januari au Februari, hewa ya mwambao hupita nyuzi 30. Lakini nyuzi 30 ni joto la katikati lisilofaa kitu: ni kubwa kiasi cha kukiamsha kiinitete, na ni dogo kuliko kile kinachohitajiwa kikue sawasawa. Yai lililoachwa muda mrefu katika hali hiyo huharibika pole pole. Unyevu nao huongeza mashaka. Watafiti waliofanya kazi katika kisiwa cha Puerto Rico, chenye hali ya hewa ya kitropiki, walionyesha kwamba mayai yasiyoatamiwa huingiliwa na vijidudu vinavyopenya gambani na kupunguza uwezo wake wa kutotoa. Kuatamia, basi, hupasha joto na pia hukausha na kulinda.

Ndege wengi waimbao hutaga yai moja kila siku, na huanza kuatamia kwa dhati yanapokaribia kutimia, ili makinda yaanguliwe kwa pamoja. Katika nchi zenye joto na unyevu mama hana uhuru mkubwa wa kungoja, kwani yai la kwanza linazeeka.

Na tundu likipigwa na jua moja kwa moja, kazi hugeuka. Mama huacha kukaa, akasimama juu ya mayai, mbawa zimetanuliwa nusu, mdomo u wazi kwa kuhema, akiwa mwavuli. Huo ndio wakati ambao kumfukuza ni hatari kuliko wakati wowote. Yai lililo wazi katika jua la saa saba mchana laweza kufa kabla mtoto aliyemfukuza mamake hajachoka kucheza chini ya mti.

Kwera, chozi na shore

Mwambao wa kaskazini una mafundi wengi wa kazi hii, na kila mmoja ana utaratibu wake.

Kwera ndiye ajulikanaye zaidi, kwa makelele yake na kwa matundu yanayojaa katika mnazi mmoja kama matunda. Kwa kwera wa kijijini mwenye kichwa cheusi, dume ndiye asukaye tundu kwa nyuzi anazozichana kutoka katika majani ya mnazi na nyasi, kisha huning'inia chini yake akipiga mbawa ili jike aje alikague. Jike asiporidhika, tundu hukauka na kubadilika rangi, na dume mwenyewe hulibomoa akasuka jingine. Ndiyo maana chini ya minazi huonekana matundu yaliyoanguka ambayo hayakuwahi kuwa na yai. Jike akikubali, huingia na kutandika ndani kwa nyasi laini na manyoya, akataga mayai mawili au matatu, na kuanzia hapo kuatamia ni kazi yake peke yake kwa siku 12 hivi. Dume huweza kuwa na majike kadhaa, na muda wake mwingi huishia katika kusuka na kulinda matundu mengine.

Jike wa kwera ana ujuzi mwingine. Mayai ya kila jike yana rangi yake: meupe, ya samawati, ya kijani, yenye madoa au yasiyo nayo, na jike mmoja hutaga ya namna moja. Yuko ndege mdogo wa kijani king'aacho asiyejenga tundu, ambaye huvizia na kupenyeza yai lake katika tundu la kwera ili alelewe mwanawe. Kwera anayetambua rangi ya mayai yake hulitupa nje lile la kigeni. Ndani ya tundu lenye giza, hujua lililo lake na lisilo lake.

Chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda afyonzaye maua ya mkomamanga na ya mgomba, hushona mfuko unaoning'inia akitumia nyasi, sufi na utando wa buibui. Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Ankabut aya ya 41, imepiga mfano wa nyumba ya buibui kuwa ndiyo dhaifu kuliko nyumba zote. Na hapa yuko ndege anayeuchukua uzi wa nyumba hiyo na kuufanya kamba ya kufungia nyumba yake. Chozi wadogo wa mwambao hawafiki gramu 10. Jike huatamia mayai yake, kwa kawaida mawili, bila kusaidiwa, na kwa kuwa mwili wake hauna akiba kubwa, hana budi kutoka mara kwa mara kunywa utamu wa maua na kurejea. Tandiko nene la ndani ndilo linaloyahifadhi mayai wakati hayupo.

Shore, ambaye sauti yake ya alfajiri huchanganyika na adhana, hujenga kikombe cha wazi katika michongoma na vichaka vya uani. Kikombe hicho hakina paa, kwa hiyo mvua, jua na macho ya maadui huzuiliwa na mgongo wa mama tu. Yuko pia ndege mwenye mkia mrefu wa rangi ya kutu na kichwa cheusi chenye kishungi, ambaye dume na jike hupokezana. Tundu lao ni dogo kiasi kwamba dume anapokaa, mkia wake huning'inia nje kama utepe.

Amani, mahali zilipohesabiwa dakika

Mkoa wa Tanga una nafasi yake katika elimu ya mambo haya. Kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walikifanya kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Mwaka 1928 alifika hapo Reginald Moreau, Mwingereza ambaye kabla yake alikuwa mtumishi wa ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi huko Misri. Hakusomea elimu ya wanyama, lakini aliwapenda ndege na alizoea kuhesabu.

Moreau na mkewe Winifred walikaa Amani hadi mwaka 1946. Waliwafunza wasaidizi wa Kiafrika kukaa kando ya matundu kwa saa nyingi, wakiandika kila mara ndege aingiapo na atokapo. Mwaka 1940 mume na mke hao walichapisha muda wa kuatamia na wa kulea wa ndege wengi wa Afrika, na mwaka 1944 Moreau alitoa utafiti mrefu kuhusu idadi ya mayai. Alionyesha kwamba ndege wa Afrika ya kitropiki hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wa nchi za baridi. Huko Ulaya wapo ndege wadogo wanaotaga mayai 10 na zaidi kwa mara moja, ilhali wa kwetu wengi hutaga mawili au matatu. Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana kwa subira ya watu waliokaa chini ya miti ya Usambara na kutazama, bila kugusa.

Miongoni mwa ndege waliochunguzwa alikuwamo yule mwembamba wa minazi arukaye kama mshale, ambaye wengi humwita mbayuwayu ingawa si wa jamaa hiyo, wala si katika ndege waimbao. Huyu hugandisha manyoya kwa mate yake katika kuti linaloning'inia, kisha hugandisha mayai yake hapo hapo. Mzazi huatamia akiwa ameshikilia kuti wima, na upepo wa bahari ukilitikisa kutwa nzima.

Yanayoivunja kazi hii

Mayai kuwa mawili au matatu kuna maana nyepesi kufahamika: atakayechukua mayai mawili amechukua yote. Ndege huweza kutaga tena, lakini hulipa kwa mwili wake, maana yai jipya hutaka protini na chokaa, na msimu wa mvua wenye wadudu wa kulishia makinda haumngojei mtu. Bandu bandu huisha gogo.

Manati ndiyo ya kwanza kutajwa. Jiwe likimpata jike aliyetoka kula, waliouawa si mmoja. Mayai aliyoyaacha yatapoa jioni ile ile. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana waliomsimamisha ndege kuwa shabaha, akawaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani afanyaye kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Onyo hilo liliwahusu vijana waliokuwa wakicheza, na manati za vijana wetu ni mchezo wa namna hiyo hiyo.

Wa pili ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea mwambao mzima. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na huongezeka palipo na taka. Jalala la mtaani lisilofunikwa ni karamu yake. Na mtoto anapomshtua shore kutoka tundu lake, kunguru aliye juu ya paa huwa anatazama.

La tatu ni panga na ufagio. Michongoma hupogolewa masika inapostawi, wakati ule ule shore yumo ndani. Matundu ya udongo ya mbayuwayu katika baraza za nyumba na misikiti huangushwa kwa sababu ya kinyesi kichafuacho sakafu. Usafi ni wajibu na hakuna ubishi. Lakini tangu kutagwa mayai hadi makinda kuruka ni wiki tano hivi, na kibao kidogo kilichopigiliwa chini ya tundu hupokea uchafu wote huo hadi wenyewe waondoke.

Mkulima naye ana hoja. Kwera huchana makuti ya mnazi, na makundi ya ndege hula mpunga. Kulinda shamba ni haki yake, kwa kuwinga na kwa kelele, kama walivyofanya wazee. Kinachokatazwa ni kuangamiza kwa mchezo kisicho na kosa.

Mtoto akija na mayai mkononi

Basi mzazi afanyeje siku mwanawe atakapoingia uani na mayai mawili kiganjani, uso umejaa furaha? Kumpiga hakutayarudisha. La kwanza ni wakati: kila dakika yai linapoa, au linaungua kama limeachwa juani. Mtoto na aongozwe kuyarudisha papo hapo, katika tundu lile lile, bila kuyatikisa, kisha watu waondoke kabisa. Wengi husema ndege hayataki tena mayai yaliyoguswa na mtu. Hilo kwa kawaida si kweli. Harufu ya mkono haimfukuzi. Kinachomfukuza ni watu kusimama karibu na kurudi rudi. Akiachiwa nafasi, mara nyingi hurejea na kukaa. Ndege yule wa safarini naye aliamriwa arudishiwe mayai yake.

La pili ni kumpa mtoto kazi ya kufanya badala ya katazo tupu. Apewe daftari, akae mbali kwa hatua 15 au 20, aandike saa ndege anapotoka na anaporejea. Kazi kama hiyo ilifanywa Amani na watu wa nchi hii, na haihitaji chombo chochote ila saa na subira. Katika Sura Al-An'am aya ya 38 tumeelezwa kwamba ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama sisi, na katika Sura An-Nur aya ya 41 kwamba kila mmoja wao anaijua sala yake na tasbihi yake. Mtoto aliyehesabu dakika za mama juu ya mayai ataisoma aya hiyo akimjua mmoja wa walioelezwa.

La tatu ni la sisi watu wazima. Kabla ya panga kushuka juu ya mchongoma, tuyafunue majani tutazame. Tufunike taka. Kuti bovu lenye ndege likisubiri wiki chache halimpunguzii mtu kitu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na nyumba zetu zimejaa wazazi. Allah (s.w.t.) atujaalie kuwa katika wenye kurehemu. Wallahu a'lam.